Nyakati za Kiingereza nimezikariri zote, mbona ripoti zangu bado zinarudi na wino mwekundu?

"Shikamoo mwalimu. Kila wiki naandika ripoti za kazi kwa Kiingereza. Shuleni nilikuwa vizuri: jedwali la nyakati 12 nalijua kwa moyo, na ukinipa sentensi ya kutenda niigeuze iwe ya kutendwa, naigeuza bila shida. Lakini ripoti zinarudi zimejaa wino mwekundu. Za wiki hii ni: 'The report has been sent yesterday.' 'The accident was happened near the gate.' 'I was explained that the machine is been repaired.' Mkuu wangu wa kazi anasema pia niache kauli ya kutendwa kwa sababu ni Kiingereza kibovu. Wenzangu wanasema tatizo ni kwamba nafikiri kwa Kiswahili. Nirudi kwenye jedwali nianze upya?"

Marahaba, ndugu yangu. Usirudi kwenye jedwali. Mtu anayegeuza sentensi bila kukosea ameshachukua kila kitu ambacho jedwali linaweza kumpa. Na hao wenzako wanaokuambia uache kufikiri kwa Kiswahili wanakupa ushauri ambao hakuna anayejua namna ya kuutekeleza. Kiswahili chako kina nyakati, kina hali, kina kauli ya kutendwa, tena vimepangwa kwa unadhifu kuliko vya Kiingereza. Unakwama kwenye sehemu chache ambapo lugha hizi mbili zimegawana kazi kwa namna tofauti, na sentensi zako tatu zimezigusa karibu zote. Nitazichukua mojamoja, lakini kwanza tuone mtambo wenyewe unavyofanya kazi.

Chukua neno "iliandikwa". Mbele kuna kiambishi cha wakati, "-li-". Nyuma kuna "-w-" ya kutendwa. Katikati mzizi umetulia. Ukitaka kubadili wakati unagusa mbele tu: inaandikwa, imeandikwa, itaandikwa. Ile "-w-" haina habari. Wakati na kauli ni maamuzi mawili, kila moja na chumba chake.

Kiingereza kinafanya hivyohivyo, ila kimelivunja neno vipande: "was written". Wakati umekaa kwenye "was". Kutendwa kumetokana na kitenzi "be" kikifuatwa na umbo la tatu, yaani ile safu ya mwisho katika orodha ya "write, wrote, written". Sasa pitisha nyakati: "is written", "was written", "has been written", "will be written". Umeona "written" haikutikisika? Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakadhani umbo la tatu ni la wakati uliopita kwa kuwa linafanana na umbo la pili katika vitenzi vingi. Umbo la tatu halina wakati hata kidogo. "The letters are written every Monday" ni barua zinazoandikwa kila Jumatatu, mpaka leo.

Kanuni ninayotaka uishike kuliko zote ni kwamba katika kundi la maneno ya kitenzi, neno la kwanza peke yake ndilo linalobeba wakati. Yanayofuata yanatii amri. "Did not went" ni kosa kwa sababu "did" imeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo "go" inabaki tupu. Kisha kila kitenzi kisaidizi kinaamua umbo la neno linalokifuata. "Will", "can", "must" na ndugu zao vinadai umbo tupu. "Have" inadai umbo la tatu. "Be" ya jambo linaloendelea inadai "-ing". "Be" ya kutendwa inadai umbo la tatu. Na vikikutana, hupangwa kwa utaratibu huohuo siku zote.

Jaribu kwenye "The form will have been signed by Friday". "Will" imedai umbo tupu, ndiyo maana ni "have" wala si "has", ingawa fomu ni moja. "Have" imedai umbo la tatu, "be" ikageuka "been". "Be" hiyo ni ya kutendwa, ikadai umbo la tatu, "sign" ikawa "signed". Amri tatu, maneno manne. Ukizielewa amri hizi unaweza kutunga kundi lolote la jedwali lako bila kulifungua.

Kuhusu hizo nyakati 12, neno moja tu kisha tuendelee. Ni hesabu ya vitabu vya shule: nyakati tatu zimezidishwa na hali nne. Wataalamu wa isimu hutenganisha njeo, yaani jambo liko lini, na hali, yaani jambo limekamilika, linaendelea au ni la mazoea. Ukikitazama hivyo, kitenzi cha Kiingereza chenyewe kinabadilika umbo kwa njeo mbili tu, iliyopo na iliyopita. Wakati ujao hauna umbo lake kama "-ta-" yetu, huazimwa kwa "will", kwa "going to", au hata kwa wakati uliopo: "The office opens tomorrow". Sikuambii haya ili ujibu hivyo kwenye mtihani. Nataka tu usiogope jedwali, maana baadhi ya nafasi zake, kama "has been being repaired", karibu hazitumiki.

Sasa "the machine is been repaired". Kosa hili ni la masikio. Katika usemi wa haraka "being" na "been" husikika karibu sawa, mtu akaandika alichosikia. Rudi kwenye amri. "Is" ya jambo linaloendelea inadai "-ing", kwa hiyo "is being repaired": mashine inatengenezwa, fundi yuko kazini. "Has" inadai umbo la tatu, kwa hiyo "has been repaired": mashine imeshatengenezwa, unaweza kwenda kuichukua. "Is been" haipo. Si kosa dogo la herufi, kwa sababu aliyesoma ripoti yako hakujua kama asubiri au aende. Baada ya is, are, was na were andika "being". Baada ya has, have na had andika "been". (Kama "is being repaired" inakukera kwa urefu wake, hauko peke yako. Zamani Waingereza walisema "the house is building" kwa maana ya nyumba inajengwa. Umbo la "is being built" lilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 wapo wanasarufi waliolilaani kwamba linaharibu lugha.)

Twende kwenye "The report has been sent yesterday". Hapa umeunda kundi la kitenzi bila dosari. Kilichokataa ni "yesterday".

Katika Kiswahili cha mazungumzo, "ripoti imetumwa jana" hakuna atakayeikosoa. "-Me-" yetu inaangalia matokeo: ripoti haipo tena mezani, imekwenda. Ukiongeza "jana" unatoa taarifa ya ziada tu. "Have" ya Kiingereza ina masharti makali zaidi. Inataka kipindi kinachozungumzwa kiwe kimefika mpaka sasa. "Yesterday", "last week", "in 2019", "two days ago" ni vipindi vilivyofungwa, havina mlango wa kuingilia leo, kwa hiyo vinadai wakati uliopita wa kawaida: "The report was sent yesterday". Ukiacha "yesterday", "The report has been sent" inarudi kuwa sahihi. Na swali la "when" linafuata mkondo huohuo: "When was it sent?", kamwe si "When has it been sent?" "Since", "so far", "yet" na "this week" (kama wiki haijaisha) ndiyo marafiki wa "have".

Nakupa kipimo kilicho ndani ya Kiswahili chenyewe. Igeuze sentensi yako iwe ya kukanusha. Utasema "ripoti haikutumwa jana". Ukisema "ripoti haijatumwa jana" sikio lako litakataa. Yaani "-me-" katika kukubali inaruhusu mambo mengi, lakini katika kukanusha Kiswahili kinatenganisha kwa ukali uleule wa Kiingereza: "-ku-" kwa jambo lililofungwa, "-ja-" kwa jambo ambalo mlango wake bado uko wazi. Ukipata "-ku-", andika "was sent" au "sent". Ukipata "-ja-", andika "has been sent" au "has sent". Jaribu kwa "nimezaliwa mwaka 1995", msemo wa kila siku. Kanusha: "sikuzaliwa mwaka 1995". Ni "-ku-", kwa hiyo "I was born in 1995". Jaribu kwa "nimemsubiri tangu asubuhi": hapa "tangu" inaleta jambo mpaka sasa, ni "have".

Kipimo hiki hakifai mahali pamoja, na lazima nikutahadharishe. "-Me-" ina kazi ya pili ambayo Kiingereza hakiipi "have": kueleza hali mtu au kitu alimo. "Mgeni amekaa" si "The visitor has sat", ni "The visitor is sitting". "Amevaa koti" ni "is wearing". "Nimechoka" ni "I am tired". "Chupa imejaa" ni "The bottle is full". Vitenzi vya mkao, vya mavazi na vya hali ya mwili ndivyo vinavyoongoza kwa makosa haya. Jiulize kama unasimulia tukio au unamchora mtu alivyo sasa hivi. Ukiwa unachora, tumia "is" na si "has".

Na kutendwa kukikutana na "-me-" hiyo, mambo yanakuwa mazito kidogo. "Mlango umefungwa" inaweza kuwa "The door is closed", yaani ndivyo ulivyo, au "The door has been closed", yaani kuna mtu ameufunga. Kiswahili kinakuachia ufahamu kwa muktadha. Kiingereza kinakulazimisha uchague, ingawa nacho hakijaepuka utata: "The office is closed at five" yaweza kumaanisha kwamba ukifika saa kumi na moja utakuta imeshafungwa, au kwamba saa hiyo ndipo hufungwa. Kwenye ripoti, ongeza neno la kuondoa shaka na usitegemee msomaji akukisie.

Kuna kasumba moja ya "-na-" niipitie haraka. Kiambishi hicho kinabeba jambo linaloendelea, hali na hata mazoea, kwa hiyo "ninajua" inamvuta mtu kuandika "I am knowing". Vitenzi vya kujua, kuamini, kumiliki na kuhitaji havipendi "-ing": "I know", "we need", "they own". Vivyo hivyo "-ka-" ya masimulizi, ambayo haina wakati wake na inategemea kitenzi kilichotangulia. "Nilienda nikaona" huzaa "I went and see". Kiingereza hakina "-ka-", kila kitenzi katika mfululizo kinarudia wakati uliopita: "I went and saw".

"The accident was happened near the gate" ni kosa ninaloliona kuliko yote kwa watu walioiva katika mazoezi ya kugeuza sentensi, na nadhani mazoezi yenyewe yanachangia. Mwanafunzi amezoeshwa kwamba sentensi isiyo na mtendaji ni ya kutendwa. Ajali haina mtendaji, basi anatia "was". Lakini kutendwa kunahitaji kitenzi elekezi, kile ambacho mtu anaweza kukitendea kitu. Mtu anaandika barua, kwa hiyo barua huandikwa. Hakuna mtu anayeweza "ku-happen" ajali. Kitenzi hakina yambwa (kile kinachotendewa) ya kupandisha kuwa kiima (kile kinachoongoza sentensi), kwa hiyo hakina kutendwa. "The accident happened near the gate", basi. Ndivyo ilivyo kwa "occur", "arrive", "disappear", "die", "fall" na "exist".

Kiswahili kingekulinda hapa kama ungekisikiliza, maana tunasema "ajali ilitokea", hatusemi "ilitokewa". Palipo na mtego wa kweli ni kwenye kauli ya kutendeka. Tunayo maneno matatu yanayojitegemea: vunja, vunjwa, vunjika. Kiingereza kina mawili tu ya kuyabeba. "Kikombe kilivunjwa" ni "The cup was broken". "Kikombe kilivunjika" ni "The cup broke", kitenzi kilekile cha kutenda bila yambwa na bila "was". Vivyo hivyo "kamba ilikatika" ni "The rope snapped", "shati lilichanika" ni "The shirt tore", "mlango ulifunguka" ni "The door opened", "maji yalimwagika" ni "The water spilled". Katika ripoti ya ajali tofauti hii inaweza kumgharimu mtu kazi: "The valve was opened" inamfanya msomaji atafute aliyefungua. "The valve opened" haimshuku mtu. Kabla ya kuandika "was" jiulize kama kwa Kiswahili ungesema "-w-" au "-k-".

Na hiyo "-k-" ina kazi nyingine ya kueleza uwezekano. "Maandishi haya yanasomeka" ni "can be read". "Kazi hii haifanyiki kwa siku moja" ni "cannot be done in one day". Lakini "mkutano unafanyika sasa" si uwezekano, ni "The meeting is taking place now". Hapo kamusi haitakusaidia, itabidi usome sentensi nzima.

Sasa ile sentensi yako ya tatu, "I was explained that...". Hii ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu imetoka moja kwa moja kwenye nguvu ya Kiswahili. Lugha yetu inaweza kumfanya karibu mtu yeyote anayeguswa na tendo kuwa yambwa, kisha ikampandisha kuwa kiima: nilielezwa, niliandikiwa, tulinyeshewa, amefiwa. Hata mvua na kifo, ambavyo Kiingereza hakiwezi kuvitia kwenye kutendwa kirahisi, sisi tunavitia. Kiingereza kinaruhusu mtu apande kuwa kiima kwa vitenzi fulani tu. "Tell", "give", "send", "show", "teach", "offer", "ask" na "pay" vinaruhusu: "I was told", "I was given", "We were shown". Lakini "explain", "say", "suggest", "announce", "describe" na "mention" humtaja mtu baada ya "to", na aliyesimama nyuma ya "to" katika vitenzi hivi hapandi. Utaandika "It was explained to me that..." au, kwa urahisi zaidi, "I was told that...". "Niliambiwa" na "nilielezwa" kwa Kiswahili vina umbo moja, kwa Kiingereza vina njia mbili. "Amefiwa na baba yake" ni "He has lost his father" au "His father has died". Ukijaribu kuilazimisha itoke kwa "was died by", hakuna atakayekuelewa.

Kwa hiyo sentensi yako iliyorekebishwa ni "I was told that the machine was being repaired". Umeona "is" imegeuka "was"? Kiswahili husema "niliambiwa mashine inatengenezwa" na wakati wa kauli ya ndani hauguswi. Kiingereza, kitenzi cha kuripoti kikiwa cha wakati uliopita, kwa kawaida huirudisha nyuma na kauli ya ndani. Kinyume chake hutokea kwa mambo yajayo: "ripoti itakapokamilika" ina "-ta-", lakini baada ya "when", "if", "before" na "until" Kiingereza hukataa "will" kwa maana hiyo. "When the report is completed, I will send it."

Nije kwa mkuu wako wa kazi. Kwamba kauli ya kutendwa ni Kiingereza kibovu ni imani iliyoenea sana, na ina wakubwa nyuma yake. Mwaka 1946 George Orwell, katika insha yake kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alitoa kanuni sita, na moja inakataza kutumia kutendwa palipo na uwezekano wa kutenda. Lakini sentensi ya kwanza kabisa ya insha hiyohiyo ina "it is generally assumed", ambayo ni kutendwa. Alichokuwa anapigana nacho ni maneno ya kujificha nyuma yake, na hapo mkuu wako ana hoja. Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan wa Marekani, akihutubia Bunge kuhusu sakata la kuiuzia Iran silaha, alisema "serious mistakes were made". Makosa yalifanywa. Na nani? Sentensi haisemi, na haikukusudiwa kusema. Ukiandika "The deadline was missed" wakati wewe na wenzako ndio mliochelewa, unatumia ujanja uleule, na mkuu wako ameona.

Ila kuna mahali ambapo kutendwa ndiko Kiingereza kizuri. Mtendaji hajulikani: "My phone was stolen". Kwa Kiswahili mtu husema "wameniibia simu", kwa "wa-" isiyo na wenyewe, lakini "They have stolen my phone" inamfanya Mwingereza aulize ni akina nani. Au mtendaji anajulikana lakini hana umuhimu: "The samples were stored in a cold room". Au unataka kuendelea kuzungumzia kitu kilekile. Hii ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui. Kiswahili kina kiambishi cha yambwa, kwa hiyo tunaweza kuisogeza yambwa mbele bila kugusa kauli: "Mashine hii aliitengeneza fundi wa kampuni". Ile "-i-" ndani ya kitenzi inashikilia nafasi yake. Kiingereza hakina kiambishi hicho, na ukiandika "This machine repaired the company technician" umesema mashine ilimtengeneza fundi. Kiingereza hutumia kutendwa kwa kazi hiyo: "This machine was repaired by the company technician". Sentensi yako ya Kiswahili ni ya kutenda, tafsiri yake nzuri ni ya kutendwa.

Mtaje mtendaji kwa "by" pale tu msomaji anapomhitaji. Na usichanganye "na" yetu na "kwa": fundi ni "by", kifaa ni "with". "The bolt was cut by the technician with a saw."

Basi ufanye nini? Programu za kusahihisha sarufi zitume zikamate "was send" na "is been", hapo ni hodari. Haziwezi kujua kama kikombe kilivunjwa au kilivunjika, kwa sababu hazikuwepo. Programu za kutafsiri nazo zitakisia "mlango umefungwa" na mara nyingi hutaambiwa kwamba zimekisia. Kukariri kuna nafasi yake kwenye orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni ya "-ed", na hapo usikwepe: vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza, kuanzia "be", "have" na "do" mpaka "see" na "get", vyote havifuati kanuni hiyo. Kusoma ripoti zilizoandikwa vizuri katika fani yako kunasaidia kuliko vyote, ila kunachukua muda mrefu na matunda yake huyaoni haraka.

Ninachokushauri uanze nacho ni ripoti zako zilizorudishwa. Pigia mstari neno la kwanza la kila kundi la kitenzi, na hilo peke yake. Uliza: jambo hili liko lini, na kwa Kiswahili kukanusha kwake ni "-ku-" au "-ja-"? Ukimaliza ripoti nzima, rudi mwanzo na swali la pili: ni nani anatenda, na kitenzi hiki kinaweza kutendwa? Usiulize maswali yote mawili kwa pamoja. Ndiyo sababu unapata alama zote darasani na kuanguka kazini: zoezi la kugeuza hukupa wakati tayari, unabadili kauli tu. Kazini unaamua vyote viwili, na hakuna aliyekuandikia sentensi ya kwanza.

Uliza pia mkuu wako, kwa adabu, wino upi ni wa kosa na upi ni wa mapendeleo yake. "It was decided" ni sarufi sahihi hata kama yeye anapenda "We decided". Ukichanganya vitu hivyo viwili utaanza kuogopa hata ulichokipatia.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi na itabidi ukae na mtu. Kama umeonyeshwa kosa, ukaelezwa, na bado hulioni, tafuta mwalimu atakayekaa nawe na ripoti zako, si na kitabu chake. Mwombe akuonyeshe mstari wenye kosa bila kulisahihisha, umsubirishe mpaka ulipate mwenyewe. Hati za kisheria, ushahidi na taarifa za matibabu zipitiwe na mhariri au mwenzako anayeaminika kabla hujazitia saini, hata ukiwa umeiva kiasi gani. Na ikiwa hata kwa Kiswahili herufi hukuchanganya na mistari hukupotea unaposoma, hilo ni jambo la kuonana na mtaalamu wa matatizo ya kujifunza. Sarufi haihusiki hapo, na hakuna zoezi la nyakati litakalolitatua.